Watoto 120 kutoka shule 10: uchague njia gani ya kupata mipaka ya uhakika?

Tuseme halmashauri moja mkoani Lindi inataka kujua kama kijiti cha mkojo kinachoonyesha damu kinatosha kugundua kichocho cha mkojo kwenye shule zilizo mbali na maabara. Timu inapita shule 10, nyingine za bonde la Mto Lukuledi, nyingine za mbali na maji. Mkojo unakusanywa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda ambao mayai ya minyoo hutoka kwa wingi, na mkojo uleule unachujwa na kusomwa kwa darubini. Darubini inawapata watoto 120 wenye mayai. Kijiti kimewakamata 105 kati yao. Hiyo ni asilimia 87.5.

Namba hizi nimezitunga makusudi ili mwenye kalamu na kikokotoo aweze kuzifuata. Swali lenyewe ni la kweli, na mratibu yeyote wa magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele anayeandika ripoti atakutana nalo. Asilimia 87.5 ni makadirio ya sampuli moja. Uwezo halisi wa kijiti unaweza kuwa chini au juu ya hapo, kwa hiyo ripoti inadai mipaka miwili, wa chini na wa juu, iliyopatikana kwa njia ambayo kazi hiyo ikirudiwa mara nyingi huufumbata ukweli mara 95 katika kila 100. Tuseme pia mpango utakikubali kijiti iwapo mpaka wa chini haushuki chini ya asilimia 80. Kwa data hii hii moja, kuna njia zitakazokipitisha na kuna zitakazokiangusha.

Hii hapa data, shule kwa shule, wagonjwa kwanza kisha waliokamatwa na kijiti: 14 na 13, 9 na 9, 16 na 15, 12 na 7, 11 na 11, 8 na 7, 15 na 14, 13 na 8, 10 na 10, 12 na 11.

Kabla ya kugusa fomula yoyote, zitazame shule ya nne na ya nane. Hizo mbili zina watoto 25 na kijiti kimewakamata 15 tu, asilimia 60. Shule nane zilizobaki zina watoto 95 na kijiti kimewakamata 90, karibu asilimia 95. Jambo la namna hii huwa na sababu. Huenda shule hizo mbili zilipewa dawa ya kichocho miezi michache nyuma, waliobaki na ugonjwa wana mayai machache, chini ya 50 katika mililita 10 za mkojo, na damu yao haifikii kiwango cha kubadilisha rangi ya kijiti. Huenda kichupa cha vijiti kilikaa wazi kwenye unyevu wa pwani. Huenda aliyesoma rangi siku hiyo hakusubiri muda ulioandikwa kwenye kichupa. Sababu yoyote iwayo, imewagusa watoto wa shule moja kwa pamoja. Mnunuzi wa korosho hatoi punje 100 kwenye gunia moja akasema amelipima ghala zima, na watoto 12 wa shule moja nao hawatupi taarifa 12 kamili.

Njia zinazosahau shule

Ya kwanza ni ile inayofundishwa mapema kabisa, ambayo wengi huiita ya Wald. Unachukua 0.875 mara 0.125, unagawanya kwa 120, unatafuta kipeuo cha pili, unapata kosa sanifu, yaani kipimo cha makadirio yanavyoyumba kutoka sampuli hadi sampuli, la asilimia 3.02. Unazidisha kwa 1.96, namba inayoendana na ile mara 95 katika kila 100, kisha unajumlisha na kutoa kwenye 87.5. Mipaka: 81.6 hadi 93.4. Kijiti kimepita.

Ya pili ni ya Wilson, ya mwaka 1927. Hii ni bora sana kuliko Wald pale asilimia inapokaribia 100 au sifuri, kwa sababu mipaka yake haivuki 100 wala haigandi ikawa sifuri kwa sifuri. Kwa data yetu inatoa 80.4 hadi 92.3. Kijiti kimepita tena, ingawa kwa kuchungulia. Clopper na Pearson, mwaka 1934, waliweka njia yao ambayo haiendi chini ya dhamana ya asilimia 95, na gharama yake ni mipaka mipana kuliko inavyohitajika. Agresti na Coull mwaka 1998 walionyesha njia rahisi ya kuukaribia Wilson: ongeza takriban waliokamatwa wawili na waliokoswa wawili, kisha tumia hesabu ya kawaida.

Hapa ndipo nawaona watu wengi wakiteleza, hata wenye shahada. Wamesoma mahali kwamba Wald haifai, wakahamia Wilson au Clopper na Pearson, wakatulia. Lakini magonjwa ni mawili. Moja ni asilimia kukaribia ukingo, na Wilson analitibu. Jingine ni watoto wa shule moja kufanana, na Wilson peke yake haligusi hata kidogo, kwani kwake watoto 120 wa shule moja na watoto 120 wa shule 120 ni kitu kimoja. Ripoti inayosema "tumetumia njia ya Wilson" bila kusema shule zimeshughulikiwaje bado haijajibu swali.

Njia zinazoikumbuka shule

Anza na ya uwiano, kwa sababu inafanyika kwenye karatasi au kwenye Excel na inakuonyesha kinachoendelea. Kwa kila shule jiulize: kama kijiti kingekuwa na uwezo uleule wa 0.875 kila mahali, tungetarajia kiwakamate wangapi? Shule ya nne yenye wagonjwa 12 tungetarajia 10.5. Wamekamatwa 7. Pengo ni 3.5 kwenda chini, na likizidishwa kwa lenyewe ni 12.25. Shule ya nane tungetarajia 11.375, tumepata 8, pengo ni 3.375, likizidishwa kwa lenyewe ni 11.39. Fanya hivyo kwa zote 10, jumlisha: 30.94. Shule mbili tu zimebeba zaidi ya robo tatu ya jumla hiyo. Zidisha kwa 10, gawanya kwa 9 (idadi ya shule ukitoa moja), tafuta kipeuo cha pili, gawanya kwa 120. Kosa sanifu sasa ni asilimia 4.89, si 3.02.

Gawanya 4.89 kwa 3.02, zidisha jibu kwa lenyewe: karibu 2.62. Hiki ndicho nitakachokiita hapa kizidisho cha makundi, namba aliyoieneza Leslie Kish katika masuala ya sampuli. Maana yake ni kwamba watoto wetu 120 wana uzito wa taarifa wa watoto 120 gawanya kwa 2.62, yaani karibu 46. Hiyo 46 ni idadi faafu. Aliyelipa mafuta ya gari, posho na vichujio kwa ajili ya watoto 120 hafurahii kuisikia, lakini ndiyo hali.

Sasa una chaguo. Unaweza kubaki na hesabu ya kawaida, 87.5 jumlisha na toa 1.96 mara 4.89, upate 77.9 hadi 97.1. Au unaweza kuchukua wazo la Rao na Scott la mwaka 1992: badala ya 120 weka idadi faafu, badala ya 105 weka waliokamatwa waliopunguzwa kwa kiwango hicho hicho, kisha ingiza kwenye fomula ya Wilson. Hapo magonjwa yote mawili yametibiwa kwa pamoja. Au unaweza kuhamia kwenye kipimo cha logiti (logi asilia ya waliokamatwa gawanya kwa waliokoswa), ukahesabu mipaka huko, ukairudisha kuwa asilimia. Kuna jambo jingine dogo lenye uzito mkubwa: tuna shule 10 tu, kwa hiyo kipimo cha kutawanyika kwa shule chenyewe kimekadiriwa kwa shida. Badala ya 1.96 ni haki kutumia thamani ya t, namba kubwa kidogo inayofidia uchache wa makundi, kwa digrii 9 za uhuru (shule 10 ukitoa moja), ambayo ni 2.262.

Matokeo yote kwa pamoja, kwa asilimia:

| Njia | Chini | Juu |
|---|---|---|
| Wald, bila shule | 81.6 | 93.4 |
| Wilson, bila shule | 80.4 | 92.3 |
| Uwiano, 1.96 | 77.9 | 97.1 |
| Uwiano, 2.262 | 76.4 | 98.6 |
| Wilson kwa idadi faafu, 1.96 | 75.0 | 94.2 |
| Wilson kwa idadi faafu, 2.262 | 72.6 | 94.9 |
| Logiti, 1.96 | 74.5 | 94.4 |
| Logiti, 2.262 | 71.8 | 95.1 |

Mistari miwili ya juu inakipitisha kijiti. Sita ya chini yote inakikataa. Ubishi kati ya Wilson kwa idadi faafu na logiti ni wa chini ya pointi moja, usiupotezee usiku. Njia ya uwiano ya kawaida inakosea kwa namna yake: inagawa upana sawa pande zote mbili, wakati ukweli una nafasi kubwa ya kushuka kuliko kupanda. Ungekuwa na asilimia 97 badala ya 87.5, mpaka wake wa juu ungevuka 100, na hapo hata mganga mfawidhi asiyependa hesabu angekuuliza ni mtoto gani wa 101 kati ya 100.

Chaguo langu kwa shule 10 au 15 ni Wilson kwa idadi faafu na thamani ya t. Inaingia kwenye Excel, inamweleza msomaji uzito wa sampuli kwa namba moja anayoielewa, na haihitaji kumwamini mtu aliyebonyeza kitufe.

Njia za kompyuta

Wanaotumia programu za takwimu kama R au Stata watauliza mbona tusitumie milinganyo ya Liang na Zeger ya mwaka 1986, inayokadiria asilimia huku ikizingatia makundi, na ambayo kwenye programu utaiona kama GEE. Tumia, ni njia nzuri, hasa ukiwa na mambo mengine ya kuangalia kwa pamoja: umri, jinsia, wilaya. Ukiiamuru ichukulie watoto kuwa hawahusiani na kisha ikokotoe kosa sanifu kwa makundi, itakurudishia karibu namba zilezile za mstari wa logiti. Tatizo lake ni makundi machache. Kosa sanifu lake huegemea upande wa kuwa dogo mno, na wengi husema ianze kuaminika bila marekebisho kuanzia makundi 40 hivi. Programu nyingi zina marekebisho ya sampuli ndogo, ila huwa hayawashwi yenyewe. Tafuta mahali pa kuyawasha kabla hujanakili jibu.

Butstrapu, njia ya kuokota upya sampuli nyingi kutoka kwenye data yako yenyewe, aliyoileta Efron mwaka 1979, ina mtego wa aina nyingine. Lazima uokote shule nzima nzima kwa kurudisha, usiokote mtoto mmoja mmoja. Ukiokota watoto, umerudi kwenye njia inayosahau shule, safari hii kwa kompyuta. Na makundi yakiwa machache butstrapu haina cha kuokota: zahanati 4 za Tandahimba zilizojaribu kipimo cha haraka cha malaria zinatoa michanganyiko tofauti 35 tu, hata ukiiambia kompyuta irudie mara 10,000.

Modeli zenye athari nasibu za shule, yaani zinazoruhusu uwezo wa kijiti upande au ushuke kwa bahati shule hadi shule, hupendwa na waliotoka vyuoni karibuni. Nitasema jambo moja tu kuzihusu. Asilimia inayotoka kwenye kiini cha modeli hiyo ni ya shule ya katikati, wakati mpango unataka uwezo wa kijiti kwa watoto wote kwa jumla. Kwa uwezo ulio juu ya asilimia 50, namba ya shule ya katikati huwa kubwa kuliko ya jumla. Asiyelijua hilo ataripoti kijiti kizuri kuliko kilivyo.

Macho mawili ni kisa kingine

Sasa nenda Masasi au Nachingwea, kwenye uchunguzi wa ugonjwa wa vikope (trakoma). Mhudumu wa afya anafunua kope za mtoto, jicho la kulia na la kushoto, na mtaalamu wa macho anamfuata kukagua. Hapa kundi ni mtoto, na kila kundi lina macho mawili. Kizidisho cha makundi ni moja jumlisha, kwa mabano, wastani wa watu au viungo katika kundi ukitoa moja, mara kiwango cha kufanana (namba inayoonyesha majibu ya walio kundi moja yanavyofanana: sifuri yasipofanana, moja yakiwa yaleyale). Kwa macho mawili hiyo ni moja jumlisha kiwango cha kufanana basi, na kiwango hicho hakizidi moja. Kwa hiyo hata macho yote mawili yakiwa na majibu yaleyale kila mara, kizidisho kinaishia 2 na upana wa mipaka unaongezeka mara 1.41 hivi.

Ukiwa na watoto 150, una makundi 150. Hapo ugomvi wa njia unaisha: uwiano, GEE, butstrapu na Wilson kwa idadi faafu zitakupa mipaka inayokaribiana sana, ilimradi asilimia isiwe imegusa 100. Chagua ile ambayo programu yako inaifanya bila tabu. Ila usisahau kwamba watoto hao wametoka kwenye kaya na vijiji. Kama vijiji ni 6, basi kundi la kuogopa ni kijiji, na umerudi kwenye shida ya makundi machache bila kujua. Ngazi ya juu kabisa ndiyo ya kuhesabia, na ukihesabu kwa ngazi hiyo, za chini yake zinakuwa zimeshaingia humo humo.

Wakati mwingine hesabu ya macho inatoa kizidisho kilicho chini ya moja, kana kwamba macho ya mtoto mmoja yanapingana. Mara nyingi ni bahati ya sampuli. Weka moja, endelea.

Kipimo kikipatia wote

Rudi shuleni, safari hii kwa watoto wasio na kichocho. Tuseme darubini imewaona 60 safi, 12 katika kila shule kwa shule 5, na kijiti hakikumsingizia hata mmoja. (Si rahisi kupata hivyo, kwani damu ya hedhi nayo hubadilisha kijiti, na wasichana wa madarasa ya juu wanaulizwa kwanza kwa faragha.) Asilimia 100. Njia ya uwiano inakuambia mipaka ni 100 hadi 100. GEE inagoma au inatoa namba za ajabu. Butstrapu inaokota 100 kila mara. Zote zimekufa kwa sababu moja: hakuna tofauti kati ya shule na shule, kwa hiyo hakuna cha kupimia kufanana.

Wilson bila shule anatoa mpaka wa chini wa 94.0, na Clopper na Pearson hivyo hivyo 94.0. Usiuchukue. Kukosa tofauti kwenye shule 5 hakujathibitisha kwamba watoto wa shule moja hawafanani. Azima kiwango cha kufanana kutoka kwingine, kwenye utafiti wa jirani au hata kwenye data yako ya upande wa wagonjwa. Kwetu upande huo una kizidisho cha 2.62 kwa wastani wa watoto 12, ambacho kinarudi kuwa kiwango cha kufanana cha 0.147. Gawanya 60 kwa 2.62, unapata idadi faafu ya 23. Mpaka wa chini sasa ni karibu 86 kwa Wilson na 85 kwa Clopper na Pearson. Hapa mimi huchukua wa Clopper na Pearson, kwa kuwa kizidisho ni cha kuazima na tahadhari ya ziada haimuumizi mtu. Andika kwenye ripoti kwamba umekiazima na umekiazima wapi. Wenye ujuzi wa njia za Bayes wanaweza kuingiza imani hiyo ya awali moja kwa moja, na kwa data ya namna hii ndipo njia hizo zinapofaa kweli kweli.

Kabla gari halijaondoka

Yote haya ni rahisi zaidi kuyatengeneza kwenye bajeti kuliko kwenye kompyuta. Chukua kiwango kilekile cha kufanana cha 0.147. Shule 10 zenye wagonjwa 12 kila moja zinatoa idadi faafu ya 46. Ukibaki na shule zilezile 10 na kupandisha wagonjwa hadi 20 kwa shule, jumla 200, idadi faafu inapanda hadi 53 tu. Ukiwafuata watoto wote wa shule hizo hadi wa mwisho, hutavuka 68. Lakini ukienda shule 20 na kupata wagonjwa 6 tu kila moja, jumla 120 kama mwanzo, unapata 69. Na thamani ya t inashuka kutoka 2.262 hadi 2.093.

Kwa kuwa mgonjwa hachaguliwi mlangoni, hesabu inabidi ianzie kwa watakaopimwa. Kama maambukizi ni asilimia 20, wagonjwa 6 wanatoka kwa watoto 30 hivi. Shule 20 mara 30 ni chupa 600 za mkojo, sawasawa na shule 10 mara 60. Kazi ya darubini haiongezeki. Kinachoongezeka ni mafuta na siku za dereva, na kwa shule za ndani ya Liwale wakati wa mvua hilo si dogo. Bajeti ikigoma kufika 20, shule 15 zenye wagonjwa wanane wanane zinatoa idadi faafu ya 59.